Vyuo viwili, wazazi wawili na simu moja ya baba

Namba ya simu iliyojazwa kwenye maombi ilikuwa ya baba. Naanza na hilo kwa sababu ni kosa dogo na linaepukika. Julai 2024, mdogo wangu alipokuwa anaomba vyuo, laini yake ilikuwa imepotea, akaweka namba ya baba. Septemba majina yakatoka na yeye yumo mara mbili. Chuo cha kwanza kiko Dar, cha serikali, shahada ya usimamizi wa ardhi na uthamini, miaka 4. Cha pili kiko hapa Tabora ninapofanya kazi, cha binafsi, shahada ya ualimu, miaka 3. Kwa utaratibu wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja lazima athibitishe kimoja ndani ya siku walizopanga, na namba ya siri ya kuthibitishia hutumwa kwenye simu uliyojaza. Ikaingia kwa baba. Baba akaikalia siku mbili.

Ndipo nikapigiwa mimi. Nikapanda gari kwenda Kigoma.

Kwetu ni Mwanga. Baba ni mstaafu wa reli, mama anauza dagaa wa kukausha pale Kibirizi. Nilipofika nilikuta kila mmoja ameshika upande ambao sikuutarajia. Baba, aliyezunguka na treni nusu ya maisha yake, ndiye alitaka mtoto asivuke Tabora. "Kuna dada yake, kuna kitanda, kuna sahani. Unataka nini tena?" Mama, ambaye Dar kaiona mara moja tena kwa msiba, alitaka mtoto aende. Alisema huyu kijana tangu shule ya msingi anachora ramani ya mtaa mzima nyuma ya madaftari, hadi visima anaweka, na kumpeleka ualimu ni sawa na kumfungia mbuzi baharini. Akaongeza kwamba walimu kwenye ukoo anao wawili na wote wako nyumbani wanasubiri ajira.

Baba akamjibu kwa swali ambalo Kigoma nzima ililielewa mwaka ule: "Hela gani? Ziwa limefunguliwa juzi tu."

Kweli. Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Miezi mitatu mama aliuza akiba ya dagaa aliokuwa amewahifadhi, kisha akauza maneno. Na hata ziwa likiwa wazi, hela ya dagaa inafuata mwezi. Usiku wa giza taa za wavuvi zinavuta dagaa, mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inapumzika, na mama naye anapumzika bila kupenda. Chuo hakijui habari za mbalamwezi. Kina tarehe yake ya kulipa, basi.

Kabla sijaendelea, niseme kwa nini mimi sikuwa na haraka ya kushika upande. Mwaka 2013 nilichaguliwa chuo fulani, sitakitaja, na nyumbani tuliangalia ada ya mwaka wa kwanza peke yake. Tukashangilia kwamba inalipika. Mjomba akauza mawese, baba akakopa kazini, nikaondoka kwa shangwe. Mwaka wa pili, wiki ya mitihani, nikaenda kusoma tangazo la wadaiwa. Jina langu lilikuwa la nne, limepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu na rula. Nakumbuka zaidi ile rula. Mtu alikaa akanyoosha mstari. Mtihani wa kwanza nilikaa nje ya ukumbi nikisikiliza viti vinavutwa. Nilimpigia baba, akanyamaza muda mrefu hadi nikadhani mtandao umekatika.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: andikeni miaka yote. Sisi tuligeuza kalenda ya ukutani, tukachora mistari, upande mmoja Dar, mwingine Tabora. Tarakimu nitakazotaja ni zetu, wewe chukua zilizoko kwenye fomu yako ya kujiunga. Ada ya Tabora ilikuwa 1,450,000 kwa mwaka, mara 3 ni 4,350,000. Ya Dar ilikuwa 1,300,000, mara 4 ni 5,200,000. Baba akapiga goti lake kofi. Chuo cha serikali kina ada nafuu kwa mwaka, lakini kozi ndefu inakula ule unafuu wote. Watu wengi hawafiki kwenye mstari huu, wanaishia kulinganisha ada za mwaka mmoja.

Halafu vidogovidogo: bima ya afya ya mwanafunzi 50,400, mchango wa TCU 20,000, usajili, mitihani, kitambulisho, serikali ya wanafunzi. Hivyo tukaviandika bila ubishi. Ubishi ukaja kwenye chakula na malazi. Upande wa Tabora baba aliandika sifuri. Nikamwambia, baba, nyumbani kwangu wali hautoki bombani. Akacheka, akaandika 50,000 kwa mwezi. Nilimwachia.

Hapo mdogo wangu, aliyekuwa kimya kama si yeye anayezungumziwa, akasema neno la maana kuliko yote ya siku hiyo: "Boom nitapewa popote." Wazazi hawakuelewa. Boom ndiyo hela ya mkopo ya chakula na malazi. Bodi ya Mikopo, kwa aliyepata mkopo wa chakula na malazi kamili, inatoa 10,000 kwa siku, na haikuulizi kama unalala hosteli au kwa dada yako. Kwa hiyo akipata boom yote, kitanda changu cha Tabora hakiokoi hela nyingi kama baba alivyodhani, kwa kuwa hata Dar atakula na kulala, kwa kubana. Asipopata kitu, Tabora inashinda kwa mbali sana. Ugomvi wote ule ulining'inia kwenye jambo ambalo hakuna aliyekaa kwenye mkeka ule aliyelijua.

Na ubaya wake, mwisho wa kuthibitisha chuo unafika kabla majina ya mikopo hayajatoka. Unachagua gizani. Basi tukagawa kila upande safu tatu: mkopo wote, mkopo nusu, hakuna mkopo. Ile safu ya Dar bila mkopo ilikuja 3,800,000 kwa mwaka, tukihesabu chumba na chakula 250,000 kwa mwezi kwa miezi 10. Mama aliitazama, akafunga daftari lake la wadeni, hakusema kitu. Nilimwonea huruma. Ila nafurahi aliiona mwenyewe kwa macho yake badala ya kuambiwa na baba, kwa sababu akiambiwa na baba ingekuwa mwanzo wa vita nyingine.

Usiku nilikaa na baba barazani, peke yetu. Hii nayo naishauri: mzungumzishe kila mzazi peke yake, mbele ya mwenzake atatetea msimamo tu. Nikamuuliza anachoogopa ni nini hasa, maana pensheni anayo na mama hajawahi kushindwa kabisa. Alichezea kofia yake muda. Akasema, "Wewe ulinipigia ile simu. Nilikuwa nimesimama pale stesheni, mfukoni nina elfu nne." Hakusema zaidi. Miaka yote hiyo nilidhani ile rula ilinichora mimi peke yangu.

Asubuhi baba mkubwa akaja, kama ilivyo desturi jambo likiwa zito. Hakuuliza habari za ada. Alimgeukia kijana: "Ukienda Dar, na mkopo ukakosa, utafanya nini?" Nilitegemea zile ahadi za vijana, sijui nitafanya vibarua, sijui Mungu atasaidia. Akajibu kwamba mkopo ukikosekana hatakwenda Dar. Atakata rufaa Bodi ya Mikopo dirisha la rufaa likifunguliwa, ikishindikana atasubiri mwaka unaofuata aombe stashahada ya mambo hayohayo ya ardhi pale Chuo cha Ardhi Tabora, alale kwangu, kisha shahada aitafute baadaye.

Baba aligeuza shingo kunitazama. Chuo kile anakijua miaka yote, lakini hakuna aliyekuwa amekiweka kwenye kalenda, tulikuwa tumefungwa na yale majina mawili yaliyokuja kwenye simu. Kijana alikuwa na njia ya tatu kichwani tangu Julai na hakuna aliyemuuliza. Mimi mwenyewe sikumuuliza, na nilisafiri kutoka Tabora kuja kumsaidia! Baba mkubwa akasema, huyu ameshafikiri kuliko sisi, mpeni simu yake athibitishe Dar. Kwa kweli ilikuwa simu ya baba. Baba akaitoa mfukoni, akavaa miwani, akamsomea ile namba ya siri tarakimu moja moja, na alipofika katikati akarudia kuanzia mwanzo.

Mkopo ulitoka Oktoba. Boom alipata yote, ada akapata sehemu. Iliyobaki tunagawana: mama anatoa muhula wa kwanza, mimi wa pili, na baba anajua nini cha kufanya kukiwa na pengo. Mwaka jana pengo lilikuwepo, ila aliyechukua mkopo wa kikoba ni mama. Siwezi kukudanganya kwamba hesabu ya kwenye kalenda ilituondolea shida. Ilituondolea mshtuko tu, na mshtuko ndio ulinikalisha mimi nje ya ukumbi.

Mengine kwa haraka. Maombi ya mkopo yafanyeni hata kama wazazi hawasalimiani, maana vyeti vya kuzaliwa vinahitaji kuhakikiwa RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo, fomu zinahitaji saini ya mdhamini, serikali ya mtaa na wakili au hakimu, na dirisha halisubiri mpatane. Mtu akikuambia mkopo ni hela ya bure mwonyeshe karatasi ya mshahara wangu: asilimia 15 inakatwa kila mwezi kabla sijaiona. Ile asilimia 6 ya kulinda thamani iliondolewa 2021, tunashukuru, lakini deni lenyewe bado ni deni. Mpate mwanafunzi anayesoma pale chuoni sasa hivi, mwulize hela gani anatoa ambayo haiko kwenye fomu. Wa Dar alituambia vifaa vya kuchorea na kompyuta mpakato, na kweli. Na kama ndugu mwenye nyumba karibu na chuo ndiye anayefanya chuo kionekane nafuu, mwulizeni ndugu huyo kwanza. Mimi nilihesabiwa kitanda na sahani kabla sijapigiwa simu.

Na mzazi anayelipa zaidi si lazima awe ndiye anayeamua. Kwetu mama ndiye alibeba mzigo mkubwa, lakini kama angeamua yeye peke yake bila kuiona ile safu ya hakuna mkopo, kijana angekwenda Dar hata bila mkopo, na sasa hivi ningekuwa naandika makala nyingine.

Yuko mwaka wa pili. Kila mwezi wa giza mama anamfungia dagaa na chupa ya mawese kwenye ndoo, baba anaipeleka mwenyewe stesheni na kuwaonya wahudumu wasiilaze. Ila hajakubali. Mwakani wale waliochaguliwa ualimu pamoja naye wanamaliza, na baba ameshaanza kunikumbusha kila akipiga: "Angekuwa hapo kwako, mwakani angekuwa anakulipia umeme."