Kichwa Kisikose Mwenyewe: Maswali Yenu Kuhusu Kushuka na Kudaka

Kikundi chetu cha ushangiliaji (cheerleading, kushangilia timu kwa kuruka na kubebana) kina wasichana 14. Kupanda wanapanda vizuri: wawili wanabeba, mmoja anasimama juu ya viganja vyao usawa wa mabega. Tatizo ni kushuka. Ndani ya wiki mbili mrukaji ameponyoka mara tatu na kutua kwa makalio. Wabebaji wanasema anaruka vibaya, yeye anasema hawamdaki. Mwenye kosa ni nani?
*Mwalimu wa michezo, Njombe*

Mwalimu, kabla hatujamlaumu mtoto yeyote, hesabu waliosimama chini. Umetaja wawili, na mshuko wa kupakata, yaani mrukaji anarushwa juu kidogo kisha anadakwa chali mikononi, kutoka usawa wa mabega unataka watatu: wabebaji wawili na mdakaji wa nyuma, ambaye kazi yake ni kichwa, shingo na mabega ya mrukaji. Marekani, mchezo huu ulikoanzia mwaka 1898, kanuni za shule haziruhusu mshuko huo bila mtu wa tatu. Anayeanguka chali hutanguliza mgongo, na mikono ya wabebaji ikichelewa kidogo tu, kichwa hakina mtu wa kukipokea. Simamisheni mshuko huo leo mpaka mpate wa tatu, tena awe mrefu: asiyefika mabega ya mrukaji hawezi kuyadaka.

Mkishampata, yeye ndiye ahesabu kwa sauti: moja, mbili, chini, juu. Kwenye "chini" watatu wote wanakunja magoti kwa pamoja, kidogo tu, huku mrukaji amejikaza, magoti yake yamenyooka. Kwenye "juu" wanasukuma kwa miguu, kisha mikono inamalizia juu ya vichwa vyao. Mrukaji anapanda wima kama mlingoti. Akifika kileleni, pale mwili unapotulia kidogo kabla ya kurudi, ndipo anainua vidole vya miguu mbele yake na kupanua mikono pembeni, ili imalizikie juu ya mabega ya wabebaji. Akikaa mapema, makalio yanatangulia na kupenya katikati ya mikono. Akitupa mikono nyuma kutafuta pa kushika, viwiko vinawapiga wenzake usoni, na siku inayofuata hakuna anayemkaribia.

Sasa wabebaji. Kosa linaloonekana sana ni kusukuma kisha kuteremsha mikono na kusubiri kiunoni. Mikono isishuke! Imfuate juu, viganja vikitazama juu, vidole vimebanwa pamoja, imguse akiwa bado usawa wa macho yao, mkono mmoja mgongoni na mwingine chini ya mapaja. Wakishamgusa wanashuka naye kwa kukunja magoti. Umbali kutoka macho hadi kiunoni ndio breki yenu. Anayedaka kiunoni ameitupa breki yote, na mgongo wake ndio utakaouma jioni. Mdakaji wa nyuma naye anaingiza mikono chini ya makwapa mapema, anamvuta kifuani kwake ili kichwa kilale begani.

Kuhusu mwenye kosa, chukua chokaa uchore kuzunguka viatu vya wabebaji kabla ya kurusha. Wakishadaka, angalia chini. Kiatu kikiwa kimetoka nje ya mchoro kwa nyuma, mbebaji alirudi hatua na kufungua mwanya. Viatu vikiwa palepale na mrukaji bado amepenya, alikaa mapema au alisukumwa kwa mikono isiyolingana. Mara tano za chokaa zitamaliza ubishi.

Halafu rudi chini. Anzeni kwa kumlaza chali mikononi kutoka ardhini, kisha mapajani, kisha kiunoni. Tunashauri mara 10 mfululizo bila kosa kabla ya kupanda ngazi inayofuata, na ikikosewa ya tisa, hesabu inaanza upya.

Hatuna mikeka ya michezo. Tumefikiria magodoro ya bweni, au maranda ya mbao, ambayo hapa kwetu yamejaa tele. Kipi bora?
*Mlezi wa kikundi cha sarakasi, Mafinga*

Godoro la sponji linadanganya. Mbebaji akisimama juu yake, kifundo cha mguu kinayumba na mzigo wote juu unayumba nacho. Baya zaidi ni mwanya kati ya godoro na godoro: mguu unazama humo wakati wa kupokea, na hapo ndipo vifundo huteguka. Kama hamna kingine, wabebaji wasimame kwenye ardhi imara, magodoro yapangwe nyuma na pembeni yao, yamefungwa pamoja kwa kamba ili yasiachane.

Maranda yanafaa kwa zoezi moja, la mrukaji kujifunza kuanguka chali akiwa amejikaza, kutoka kimo kidogo. Yachekecheni kwanza mkitafuta misumari na vipande vya mbao, na yakilowa yageuzeni, kwa sababu hushikana na kuwa magumu. Wabebaji wasisimame juu yake hata kidogo.

Uwanja wa nyasi kavu, uliosawazishwa, unashinda vyote viwili. Nyanda za juu, hata hivyo, asubuhi nyasi zina umande, na mwezi Juni na Julai udongo usio na nyasi unakauka na kuwa kama saruji. Fanyeni mazoezi saa tisa alasiri. Sakafu ya saruji msiitumie kwa kurusha kabisa. Huko Marekani, mwaka 2006, walizuia hata vikundi vya vyuo kurusha watu kwenye viwanja vya mpira wa kikapu bila mikeka.

Jambo moja zaidi kwa watu wa baridi: mafuta ya kujipaka. Wanafunzi hupaka miguu asubuhi ngozi isipasuke, na mguu uliopakwa hauna mshiko. Ufutwe kwa kitambaa kikavu kuanzia magoti kushuka, na viganja vya wabebaji vivyo hivyo. Herini, bangili, saa, mikanda ya chuma na jojo mdomoni vibaki pembeni.

Shikamoo. Mimi ndiye nasimama nyuma. Rafiki yangu akiyumba, mbebaji mmoja humng'ang'ania mguu asianguke. Nami nifanye nini?
*Mwanafunzi wa kidato cha pili, Iringa*

Marahaba, mwanetu. Mwambieni mwenzenu aache kung'ang'ania. Mguu mmoja ukiachiwa na mwingine ukashikwa, mwili unapinduka na kichwa kinatangulia. Kubalianeni neno moja, kwa mfano "shusha". Yeyote anayeona hatari analitamka, na likitamkwa wabebaji wote wawili wanaachia miguu kwa wakati mmoja, kisha mikono inapanda kutafuta kiuno na mgongo. Mrukaji akilisikia anabana mwili na kushuka wima. Haruki kivyake kwenda mbele.

Wewe simama nyuma yake, karibu kiasi cha kumgusa, usiingie chini yake. Mikono iwe juu muda wote, isiwe mfukoni wala nyuma ya mgongo. Macho yako yakae kiunoni mwake, kwa sababu kiuno kikianza kutoka juu ya nyayo, ameshaanza kuanguka hata kama uso unatabasamu. Akija upande wowote, nenda naye. Kamata sehemu ya juu ya mwili kwanza. Akianguka mbele na wewe uko nyuma, humfikii, ndiyo maana kila umbo jipya linahitaji mtu wa ziada mbele mpaka mlizoee.

Binti yangu akianguka kwa kichwa, walimu wafanye nini kabla hatujafika?
*Mzazi, Mbeya mjini*

Wasimwinue. Mmoja apige magoti nyuma ya kichwa, akishike kwa viganja viwili kisigeuke, mwingine apige simu kuomba msaada. Wasimpe maji wala chakula, na asipandishwe bodaboda. Akilalamika shingo, au ganzi mikononi au miguuni, abaki alivyolala mpaka wahudumu wa afya wafike, isipokuwa akitapika: hapo ageuzwe ubavu, kichwa, shingo na mgongo kwa pamoja. Kama alipoteza fahamu hata kwa muda mfupi, anatapika, analala ovyo au kichwa kinazidi kuuma, apelekwe hospitali mara moja, na asirudi mazoezini mpaka daktari amruhusu.