Kopo Lililokaa Chini ya Kitanda

Karibu miaka miwili tulikuwa tukimtibu mama vidonda vya tumbo. Akila wali wa nazi au chapati tu, maumivu yanamshika chini ya mbavu za kulia, yanapanda mpaka begani. Omeprazo, dawa ya kupunguza asidi tumboni, tulinunua kama njugu. Alipopigwa ultrasaundi ndipo tukaambiwa: mawe kwenye mfuko wa nyongo, na ukuta wa mfuko umenenepa. Sisi tukalishika neno "mawe". La ukuta hatukuliuliza, na leo ndilo ningeanza nalo.

Baada ya upasuaji nesi alinikabidhi kichupa cha mawe, pamoja na kopo lenye mfuko wenyewe ndani ya fomalini, dawa ya kuuhifadhi usioze, nipeleke maabara ya patholojia, wanakochunguza nyama iliyotolewa mwilini. Mawe yalizungushwa, kila mgeni akiyashangaa. Kopo lilikaa chini ya kitanda siku nne. Kipimo ni cha kulipia, na shangazi alishasema, "Si umeshatolewa huo ugonjwa? Mnapima nini tena?" Mwishowe nililipeleka, si kwa busara, ila kwa sababu dada alichoka kuwafukuza watoto wasilichezee.

Majibu: saratani, imeingia kwenye msuli wa ukuta wa mfuko.

Saratani hii ni adimu. Wenye mawe wengi hawaipati kamwe, ila wengi wanaoipata wana mawe, na wanawake huipata kuliko wanaume. Mara nyingi hugunduliwa hivihivi, mfuko ukiwa umeshatolewa. Kwa hiyo ukipewa kopo, lipeleke siku hiyohiyo. Usipopewa, uliza liko wapi na majibu yanatoka lini.

Majibu yakija, usiishie kwenye neno saratani. Uliza imeingia kina gani na kama sehemu ilipokatwa ni safi, yaani haina seli za saratani. Ikiwa kwenye utando wa ndani tu, kutoa mfuko huweza kutosha. Ikifika kwenye msuli, kama ya mama, kwa kawaida hushauriwa upasuaji wa pili kuondoa kipande cha ini kinachopakana na mfuko, pamoja na tezi za limfu za karibu. Mama alipigwa CT skani ya kifua na tumbo kwanza, kuona kama haijasambaa.

Jirani alitusisitizia kipimo cha damu cha CA 19-9, kiashiria cha saratani. Kinasaidia, lakini kiwango chake hupanda hata njia ya nyongo ikizibwa na jiwe tu, kwa hiyo peke yake hakithibitishi kitu. Na ultrasaundi ikionyesha kinyama cha milimita 10 au zaidi ndani ya mfuko, mwone daktari wa upasuaji. Usikimbilie kuchomwa sindano ya kuchukua sampuli kabla hajasema, maana sindano inaweza kusambaza seli. Macho yakiwa ya manjano, mkojo kama chai ya rangi, choo kimepauka, mwili unawasha, hapo ni kwenda hospitali leo.

Nakala ya majibu ya maabara iko kwenye faili, nyingine kwenye simu yangu. Kila daktari mpya huiomba hiyo. Mawe hajawahi kuyaomba hata mmoja, ingawa mama anayo bado kabatini.