Maswali na Majibu: Holašovice, ramani ile ile, wenyeji wengine

Tangu tulipochapisha picha ya kijiji cha Holašovice, kusini mwa Ucheki, barua za wasomaji hazijakoma. Leo tunajibu zile zinazohusu ardhi yake, nyumba zake na watu waliopita humo.

Nitakuwa Praha mwezi wa saba. Kijiji kiko wapi hasa, na nitafikaje? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kwanza, ndugu msomaji, liandike jina na alama yake juu ya s. Ipo Holasovice nyingine isiyo na alama hiyo, karibu na mji wa Opava na mpaka wa Poland, upande wa pili kabisa wa nchi. Ramani ya simu inaweza kukupeleka huko bila kukuuliza mara mbili, na siku yako nzima ikaishia njiani. Hii yetu hutamkwa "Holashovitse". Mwisho huo wa -ovice umejaa katika majina ya vijiji vya Kicheki, na asili yake ni "watu wa fulani".

Kutoka Praha panda treni hadi České Budějovice, safari ya saa mbili hivi. Kijiji kiko kilomita 15 hivi magharibi ya mji huo, na kiutawala ni sehemu ya manispaa ya Jankov. Unaweza kwenda kwa basi au baiskeli. Kabla ya kupanda basi la kwenda, hakikisha unalijua la kurudi, maana vijijini Ucheki mabasi hupungua sana Jumamosi na Jumapili.

Utakuwa ukingoni mwa bonde tambarare lenye udongo mzito unaoshika maji, na ndiyo sababu njia nzima utaona mabwawa ya samaki. Upande wa kusini vinainuka vilima vya misitu vya Blanský les, na kilele chake, Kleť, kina mita 1,084. Wakazi wa kijiji hawafiki 200. Nyumba ni za watu na wanaishi humo, kwa hiyo lango lililofungwa liache limefungwa, hata kama linapendeza kiasi gani.

Mliandika kwamba kijiji ni cha Enzi za Kati, lakini chini ya picha mkasema nyumba ni za karne ya 19. Lipi la kushika? (Msomaji, Nakuru)

Shika yote mawili. Cha Enzi za Kati ni mpango wa ardhi. Za karne ya 18 na 19 ni kuta.

Jina la Holašovice linaonekana katika maandishi mwaka 1263. Mwaka 1292 Mfalme Václav wa Pili alikitoa kijiji kwa monasteri ya Vyšší Brod, ya watawa Wasitoo, iliyokuwa imeanzishwa mwaka 1259. Monasteri ilikishika kwa zaidi ya miaka 550, hadi 1848.

Mpango wenyewe ni huu. Katikati upo uwanja mrefu wa majani, takriban mita 210 kwa 70. Maboma, zaidi ya 20, yanauzunguka, kila moja likiwa na upande wake mwembamba mbele na mwili wake mrefu ukirudi nyuma: ua, mabanda ya mifugo, ghala kubwa la majani na mavuno linaloziba nyuma, kisha bustani ya matunda, kisha shamba. Uwanjani kuna bwawa, kibanda cha mhunzi, msalaba, na kikanisa cha Mtakatifu Yohane wa Nepomuk cha mwaka 1755. Huyo ni padri aliyezamishwa mtoni Vltava mwaka 1393 na kutangazwa mtakatifu mwaka 1729. Wacheki humwomba dhidi ya mafuriko na humsimamisha kwenye madaraja. Bwawa nalo halikuwa pambo. Lilinywesha mifugo na kufuga bata, na juu ya yote lilikuwa maji ya kuzimia moto katika kijiji ambacho zamani kilikuwa cha mbao.

Kati ya 1520 na 1525 tauni iliingia. Wenyeji waliopona walikuwa wawili. Wawili tu. Monasteri ililetea ardhi hiyo wakulima wapya, wengi kutoka Bavaria, kusini mwa Ujerumani ya leo, na Austria, nao wakaingia katika viwanja vilevile vya marehemu. Ndivyo ramani ilivyoishi zaidi ya watu wake.

Kuta za leo zinatokana na mwaka mwingine, 1848, Septemba, kazi ya lazima kwa bwana mwenye ardhi ilipofutwa katika himaya ya Austria. Mkulima aliyekuwa akitoa siku zake, farasi wake na jembe lake kwa monasteri sasa alivitumia kwake. Jasho hilo liligeuka matofali. Nyuso nyingi zilizopambwa kwa mikunjo ya mawimbi, maua ya lipu na tarakimu za mwaka zilipatikana katika nusu ya pili ya karne ya 19, kwa mtindo unaoitwa baroko ya wakulima. Tahadhari moja: mwaka ulioandikwa juu ya uso wa nyumba mara nyingi ni mwaka wa uso huo tu. Ukuta wa nyuma yake unaweza kuwa mkongwe kuliko hapo.

Kwa nini katika picha kila boma linaonekana kama nyumba mbili pacha zenye lango katikati? (Msomaji, Bukoba)

Umetazama vizuri. Nyumba moja ni ya familia. Ndani yake mna ukumbi wa kuingilia, nyuma ya ukumbi jiko jeusi la moshi, upande mmoja chumba kikubwa chenye jiko la kupashia joto, upande wa pili chumba cha akiba. Ya pili kwa kawaida ni ghala la nafaka, na chini au nyuma ya ghala hilo ndipo wazee walipohamia walipostaafu. Wacheki huita makao hayo výměnek.

Utaratibu wake ulikuwa mkali. Boma halikugawanywa, lilichukuliwa na mtoto mmoja, na ndugu zake wakalipwa fedha au mahari. Siku ya kukabidhi, wazazi waliandikisha mkataba katika daftari la ardhi: magunia mangapi ya shayiri nyekundu (rye) na ngano kwa mwaka, maziwa ya ng'ombe yupi, mayai, kitani, mti gani wa matunda, na haki ya kukaa karibu na jiko wakati wa baridi. Waliandika kwa sababu ahadi ya mdomo ilikuwa inavunjika mara mkwe anapoingia. Kwa maoni yetu mikataba hiyo inakieleza kijiji kuliko mapambo yote ya ukutani. Ardhi ingegawanywa kwa kila mtoto, kama ilivyotokea kwingi duniani, mpango ule wa viwanja usingedumu hata vizazi vitatu.

Nambari za nyumba hazifuatani. Ni kosa? (Msomaji, Kigoma)

Si kosa. Ucheki kila nyumba ina nambari ya orodha, iliyoanza kwa amri ya Maria Theresa, mtawala wa himaya ya Austria, mwaka 1770 ili kuhesabu vijana wa kuandikishwa jeshini. Nyumba za mwanzo zilihesabiwa kwa mzunguko. Iliyojengwa baadaye, popote ilipo, ilipewa nambari iliyofuata katika orodha. Kijiji hakihitaji majina ya barabara, na anwani ni jina la kijiji na nambari tu.

Wale wazao wa watu wa Bavaria wako wapi leo? (Msomaji, Muscat)

Hawapo. Mwaka 1895 kijiji kilihesabiwa Wajerumani 157 na Wacheki 19. Baada ya Vita Vikuu vya Pili Chekoslovakia iliwafukuza Wajerumani wake, karibu milioni tatu nchi nzima, kwanza kwa fujo za mwaka 1945, kisha kwa treni za mpango mwaka 1946. Katika treni hizo kila mtu aliruhusiwa mzigo wa kilo 50, hata kama alikuwa akiacha boma, ng'ombe na makaburi ya babu zake wa karne nne. Tunajua makosa ya utawala wa Hitler yaliyotangulia. Bado mtoto wa miaka mitano aliyebeba fungu lake hakuwa ameyatenda.

Maboma mengi yalibaki matupu miaka mingi. Kuanzia 1949 serikali ya kikomunisti iliunganisha mashamba ya nchi katika ushirika, na vijiji vingi vikabomolewa nyumba za kale au kusimikiwa nyumba za zege. Holašovice ilisahauliwa, na kusahauliwa huko ndiko kulikoihifadhi. Tangu 1990 watu wengine walihamia humo, wakakarabati, na mwaka 1998 UNESCO ikakiingiza kijiji katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Huku kwetu mafundi wanapiga saruji juu ya kuta za kale. Wenzetu wa huko hufanyaje? (Msomaji, Lamu)

Lamu imo katika orodha hiyohiyo tangu 2001, na Mji Mkongwe wa Zanzibar tangu 2000, kwa hiyo jibu linawahusu moja kwa moja. Ukuta wa kale hauna tabaka la kuzuia unyevu chini. Maji hupanda kutoka ardhini na lazima yatoke mahali. Lipu ya chokaa huyaachia. Saruji huyafungia ndani, hivyo unyevu hupanda juu zaidi, na wakati wa baridi kali maji huganda, hutanuka na kuibandua lipu pamoja na uso wa tofali. Pwani hakuna barafu, lakini chumvi inayojikusanya nyuma ya saruji husukuma vilevile.

Kipimo kizoefu ni sehemu 1 ya chokaa iliyozimwa na kuiva hadi ikawa laini kama siagi, kwa sehemu 3 za mchanga safi wenye punje zenye makali. Lowesha ukuta kwanza. Kila tabaka lisizidi sentimita 1 hadi 1.5, na lipewe siku kadhaa likiwa na unyevu, mbali na jua kali, kwa sababu chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa ukaa polepole. Ikikauka haraka inabaki unga. Chini ya nyuzi 5 usipige. Ndiyo maana Ucheki kazi hii humalizwa mapema, lipu ipate miezi ya kukomaa kabla ya barafu. Rangi nayo ni maji ya chokaa mepesi kama maziwa, mikono 3 au zaidi. Fundi mwenye haraka hupaka mkono mmoja mzito, na mzito hupasuka.

Yale mawe yaliyosimama duara karibu na kijiji ni ya kale kiasi gani? (Msomaji, Kampala)

Yalisimamishwa mwaka 2008.

Nasoma Ujerumani na nataka kuona kijiji kilivyokuwa kabla ya 1848. Nianzie wapi? (Msomaji, Leipzig)

Anza na ramani ya kodi ya ardhi ya himaya ya Austria, iliyopimwa Bohemia, yaani sehemu ya magharibi ya Ucheki ya leo, kati ya 1826 na 1843. Nakala zake zimewekwa mtandaoni na ofisi ya upimaji ya Ucheki, ČÚZK. Tafuta pia kwa jina la Kijerumani, Hollschowitz. Kipimo ni 1:2880, yaani sentimita 1 ya ramani ni mita 28.8 ardhini, na uwanja wa mita 210 utauona kwa sentimita 7.3 hivi. Kwa ndoa, vizazi na vifo, vitabu vya parokia viko kwenye hifadhi ya nyaraka ya Třeboň, navyo husomeka bure mtandaoni. Jifunze kwanza mwandiko wa kale wa Kijerumani uitwao Kurrent, maana bila huo hata Mjerumani wa leo hukwama kwenye ukurasa wa kwanza.

Halafu tazama rangi. Kwenye ramani hiyo jengo la mawe au tofali ni jekundu, la mbao ni la manjano. Ukikuta manjano mahali ambapo leo pana uso wa baroko uliopambwa, hiyo ndiyo nyumba ya mbao iliyotangulia, kwenye kiwanja kilekile.