Maporomoko ni ya nani? Maswali yenu kuhusu Statkraft ya Norwe

Statkraft ni kampuni ya mtu binafsi au ya serikali?

Ni kampuni ya umeme ya serikali ya Norwe, asilimia 100. Jina lenyewe linasema: *stat* ni dola, *kraft* ni nguvu. Historia yake huanzia 1895, serikali iliponunua maporomoko ya Paulenfossen, kusini mwa nchi, ili kupata umeme wa reli ya Setesdal. Sheria ya nishati ya 1990 ilipofungua soko la umeme, mali ya serikali iligawanywa. Mwaka 1992 Statkraft ikaachiwa kazi ya kufua na kuuza umeme, na Statnett ikakabidhiwa njia kuu za kuusafirisha. Mwenye barabara akawa mbali na mwenye bidhaa.

Wenye mitaji wa nje hawakuyataka maporomoko hayo?

Waliyataka sana! Norwe ilipojitenga na Uswidi mwaka 1905, fedha za kigeni zilikuwa tayari zinamiminika kwenye mito yake. Norsk Hydro, iliyoanzishwa mwaka huohuo, ilisimama kwa mtaji wa Uswidi na Ufaransa. Bunge lilishtuka, likapitisha sheria za haraka mwaka 1906, kisha sheria kamili mwaka 1917. Ndani yake mna neno ninalolipenda: *hjemfall*, yaani mali kurudi kwao. Mwekezaji alipewa kibali cha miaka isiyozidi 60. Muda ukiisha, maporomoko, bwawa na mitambo vinakuwa mali ya serikali bila malipo. Mahakama ya EFTA, jumuiya ya biashara huria ya nchi kadhaa za Ulaya, ilipoupinga utaratibu huo mwaka 2007, Norwe haikuuza mito yake. Ilibadili sheria mwaka uliofuata, ikataka umma uwe na angalau theluthi mbili ya umiliki. Nawaheshimu kwa hilo. Nchi iliyokuwa maskini wakati ule ilijua kwamba mto hauuzwi mara mbili.

Wakikosa mvua inakuwaje?

Wanategemea akiba. Karibu sehemu tisa kati ya kumi za umeme wa Norwe zinatokana na maji, na theluji inayoyeyuka hujaza mabwawa ya milimani kabla ya msimu wa baridi. Ziwa la Blåsjø, ambalo ni sehemu ya mradi wa Ulla-Førre wa Statkraft, ndilo lenye akiba kubwa kuliko yote nchini. Chini yake kuna Kvilldal, kituo chenye uwezo wa megawati 1,240.

Wamewahi kufika kwetu Afrika Mashariki?

Kwa njia ya kuzunguka. Mwaka 2002 Statkraft na Norfund, mfuko wa serikali ya Norwe, walianzisha SN Power. Kampuni hiyo ilinunua hisa katika bwawa la Bujagali, Uganda, mwaka 2018, lakini wakati huo Statkraft ilikwishajitoa.

Nimesikia wanagombana na Wasami. Ni kweli?

Ni kweli, na hapa heshima yangu inapungua. Wasami ni wenyeji wa kaskazini wanaofuga kulungu wa theluji. Mto Alta, huko kaskazini, ulipotakiwa kuzibwa kwa bwawa la umeme, walifunga kula mbele ya Bunge mwaka 1979. Januari 1981 polisi wapatao 600 waliwaondoa waandamanaji waliojifunga minyororo. Kituo kikafunguliwa 1987, na Statkraft ndiyo inayokiendesha. Machungu hayo yalichangia kuzaliwa kwa Bunge la Wasami mwaka 1989.

Kisha ukaja upepo. Kwenye rasi ya Fosen, Statkraft ndiyo mwanahisa mkubwa wa Fosen Vind, yenye mitambo 80 ya upepo huko Storheia, katikati ya malisho ya msimu wa baridi ya kulungu hao. Oktoba 2021 Mahakama ya Juu iliamua kwamba vibali vya Storheia na vya Roan, shamba jingine la upepo kwenye rasi hiyo, ni batili, kwa kuwa vimevunja haki ya Wasami ya kuishi utamaduni wao. Siku 500 zikapita mitambo ikizunguka vilevile, hadi vijana wa Kisami walipoziba milango ya wizara jijini Oslo, Februari 2023. Desemba ya mwaka huo wafugaji wa kusini mwa Fosen walikubaliana na kampuni: walipwe fidia na watafutiwe malisho mengine. Mitambo ya Storheia haikung'olewa.