Siku ya kutetea tasnifu, na wewe uliza

"Sura ya nne haijakaa sawa," alisema mtahini wa nje, akaifunga nakala yangu. Hakuongeza neno. Nikaandika "sura ya 4" kwenye daftari, nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Sikuwa nimeelewa kitu, na sura yenyewe ilikuwa na kurasa 61.

Maswali yalipoisha, mwenyekiti wa jopo akaniuliza kama nina la kusema kabla sijawapisha wajadiliane. Waliotangulia walishanionya: hapo shukuru, toka, kasubiri kwenye korido. Anayehojiwa hahoji. Lakini ile sura ya nne ilikuwa imenikwama kooni. "Mwenyekiti, kwa ruhusa yako, naomba Profesa anifafanulie. Tatizo ni data zenyewe, au ni nilivyozipanga?"

Profesa akaifungua tena nakala, akapekua mpaka kwenye kikaratasi cha njano alichokibandika. "Ni hili jedwali. Umewachanganya wavuvi wa Kilwa Kivinje na wa Kilwa Masoko, halafu unawazungumzia kama kundi moja. Watenganishe."

Basi. Jedwali moja! Nisingeuliza, ningeibomoa sura nzima na kuijenga upya, na huenda jedwali hilo ningeliacha vilevile.

Kwa hiyo nenda na kalamu. Kila ukisikia neno la jumla, "haijakaa sawa", "nadharia imepwaya", "fafanua zaidi", liwekee alama, kisha mwishoni ulilirudie kwa adabu, ukipitia kwa mwenyekiti. Omba ukurasa, omba mfano. Katikati ya mahojiano pia unaweza kusema, "Naomba nihakikishe nimekuelewa, Profesa," ila usilifanye kila mara ili kuvuta muda. Wazee wale wameshatahini wengi, wanakuona.

Kuna maswali ya kumeza. Rafiki yangu alimuuliza mtahini, "Kwani ukurasa wa 80 hukuusoma?" Chumba kizima kikabaki na mlio wa kiyoyozi. Kweli jibu lilikuwemo ukurasa wa 80, lakini nani alijali tena?

Ukitetea kwingine, ulizia mapema utaratibu wao. Uholanzi, kwa mfano, mahojiano ya hadharani huchukua dakika 45 hivi. Mshika fimbo, yule afisa wa sherehe, anaingia, anatamka "Hora est", Kilatini cha "saa imefika", na hata kama uko katikati ya sentensi, mambo yameisha. Huko maswali yako yote muulize msimamizi wako kabla ya siku yenyewe.

Mimi lipo moja nililolisahau, na lilinigharimu: nani atakagua marekebisho na kuyatia saini? Ni mtahini wa ndani, msimamizi, au kamati? Nikapeleka nakala iliyosahihishwa kwa mtu nisiyepaswa kumpelekea. Ilikaa juu ya kabati lake wiki saba, mwenyewe akidhani nimemletea zawadi.