Jibu: Kutuma mtungi wa kuzamia kwa kurieri ukiwa na "presha kidogo" ndani

Mkuu mleta mada, nimesoma swali lako na majibu yaliyotangulia. Umeuza mtungi wa kuzamia wa lita 12, mnunuzi yuko mbali, unataka kumtumia kwa kurieri. Fundi kakwambia uache presha ya kama bar 50 ndani (bar 1 ni karibu sawa na presha ya hewa inayotuzunguka) ili unyevu usiingie, na mdau mmoja hapo juu kakushauri uandike "vipuri" kwenye fomu, maisha yaendelee. Mimi niko karakana ya kujaza na kupima mitungi, na kazi yangu mojawapo ni kupokea mitungi inayokuja kama vifurushi na kuirudisha kwa wenyewe. Nitajibu kwa yale ninayoyaona mezani.

Fundi wako hajakosea, ila ushauri wake ni wa mtungi unaokaa stoo. Unaosafiri ni habari nyingine.

Bar 50 kwenye lita 12 ni lita 600 za hewa ya kawaida. Tundu la shingo likiwa na kipenyo cha milimita 25, hiyo presha inaisukuma vali kutoka ndani kwa nguvu ya karibu kilo 250. Ni kidogo ukiilinganisha na bar 200 tu. Na mbele ya kanuni hakuna mtungi nusu. Kanuni za kimataifa za bidhaa hatari zimeweka mpaka kwenye kilopaskali 200, yaani bar 2, joto likiwa nyuzi 20 za Selsiasi. Ikizidi hapo, mzigo wako unaitwa UN1002 (namba ya Umoja wa Mataifa ya bidhaa hatari), hewa iliyoshindiliwa, daraja 2.2, yaani gesi isiyowaka wala kuwa na sumu, sawasawa na mtungi uliojaa pomoni. Bar 50 na bar 200 zina karatasi zile zile, lebo ile ile na malipo yale yale.

Najua kuna atakayesema: basi naacha bar 1, nafunga vali, unyevu hauingii na kanuni sijavunja. Kwenye karatasi uko sawa. Kwenye kaunta hutoboi. Yule anayepokea mzigo hana namna ya kujua kama ndani mna bar 1 au 200. Vali iliyofungwa haisemi kitu. Hata wewe mwenyewe hujui vizuri, kwa sababu geji ya kuzamia imetengenezwa kusoma mamia ya bar, na pale chini karibu na sifuri mshale wake haufai kuaminiwa. Ndiyo maana hata mamlaka ya usalama wa usafiri ya Marekani, TSA, kwa mtungi unaokwenda kwenye mizigo ya abiria wa ndege, inataka vali iwe imetolewa kabisa na mdomo uko wazi ili mkaguzi achungulie ndani. Kampuni nyingi za vifurushi nazo zinaelekea huko huko. Mtungi mtupu ni ule ambao mtu asiyekujua anaweza kuuona ni mtupu.

Kwa hiyo una njia mbili: ama umwage hewa yote na kutoa vali, ama uutume umejaa kama bidhaa hatari kwa taratibu zake zote. Kwako wewe nashauri ya kwanza, na humo ndimo nitakakokaa zaidi kwa sababu ndimo watu wanakoumia.

Hewa itoe polepole. Nje au mahali palipo wazi, mtungi umelazwa na kuzuiwa usibiringike, masikio umeziba. Fungua vali kidogo tu, uache ikipumua nusu saa au zaidi. Ukifungua kwa pupa, hewa inapanuka na kupoa ghafla: utaona vali inatoka jasho, kisha inavaa utando mweupe wa barafu, na chuma chote kinakuwa baridi hadi kushika ni shida. Ukitoa vali hapo hapo, hewa ya nje yenye unyevu inaingia kwenye chuma baridi na kuacha matone ndani. Hofu yote ile ya unyevu unakuwa umeitimiza kwa mikono yako. Uache mtungi urudi kwenye joto la kawaida, vali ikiwa bado wazi, ndipo uguse spana.

Mlio kuisha si ushahidi kwamba hewa imeisha. Tuliwahi kuletewa mtungi wa chuma, umekaa miaka kwa mwenyewe, juu ya boksi pameandikwa "tupu". Vali ilikuwa imefunguliwa hadi mwisho, na kweli hakuna hata pumzi iliyotoka. Mwenzangu akaanza kuilegeza. Ikazunguka kidogo, halafu ikabaki ngumu mkononi. Akaacha. Vali ya mtungi wa kisasa wa kuzamia huziba kwa oringi, yaani pete ya mpira, haizibi kwa kukazwa sana. Ikishaachia mara ya kwanza, inayobaki inapaswa kuzunguka kwa vidole. Ikiendelea kuwa ngumu, kuna kitu kinaisukuma kutoka ndani na kuzibana hesi. Tuliikaza kama ilivyokuwa, mtungi ukatengwa, wakaitwa wenye vifaa vya kazi hiyo. Kumbe kutu ya unga ilikuwa imeziba kabomba kembamba kanakoning'inia chini ya vali, na nyuma yake presha ipo, ya kutosha kuitupa vali ng'ambo ya chumba na kichwa cha mtu kikiwa njiani.

Mtungi ambao uliisoma presha yake kwenye geji, ukasikia hewa ikitoka mfululizo mpaka ikakatika, huo unajua ulikotoka. Mtungi uliotolewa uvunguni, ukafungua vali na kimya, huo hujui kitu: upeleke karakana ukafunguliwe huko. Vivyo hivyo mitungi ya viwandani na ile ya zamani yenye hesi za koni. Hizo hukazwa kwa nguvu kubwa, na mazoea ya vidole niliyoyasema hayafanyi kazi kwao. Usijaribu nyumbani.

Vali ikishatoka, mulika tochi ndani. Mtungi mkavu wa alumini unaonekana wa kijivu butu. Wa chuma ukiona wekundu wa kutu, mwambie mnunuzi kabla hajalipa, usimwachie agundue mwenyewe. Mdomo uzibe kwa kizibo laini cha plastiki kisicho na hesi, ukitoboe tundu dogo katikati. Kinazuia vumbi na kulinda hesi, hewa haiwezi kufungiwa ndani, na mkaguzi anakichomoa kwa kucha. Ukipenda, weka kifuko cha silika ya kunyonya unyevu mle ndani ukiwa umekifunga kwa uzi uliotokeza nje. Kwa siku chache za safari unyevu si tishio la maana. Mtungi uliokauka hauozi kwa wiki moja. Vali ifunge kwenye mfuko wake, ikae kwenye boksi hilo hilo.

Kufungasha. Blanketi uliyosema sahau. Mtungi wa alumini wa kawaida una kilo kama 14, tena ni laini na wa mviringo, unateleza ndani ya blanketi kama samaki. Boksi likisimamishwa, unashuka wote na kutoboa kitako. Likilazwa kwenye mkanda wa kuchambulia mizigo, unabiringika na boksi lake. Adui ni mwendo wa juu-chini. Mitungi mingi inayotufikia imetokeza chini ya boksi, na ubavu hauna hata mkunjo. Tumia katoni nene ya kuta mbili, au sanduku la mbao kama mtungi ni wa chuma. Kata vipande vya sponji ngumu vyenye tundu la umbo la mtungi, kimoja begani na kimoja kitakoni, halafu jaza ubavuni mpaka ukitikisa usisikie kitu. Magazeti hayasaidii, yanajikunja na kuacha pengo.

Kama boksi liliwahi kubeba mzigo mwingine, hakikisha halina alama ya zamani ya hatari, ile yenye umbo la almasi. Stika ya hatari iliyoko kwenye mtungi nayo ibandue au uifunike, kwa sababu mtungi wenyewe sasa si hatari na alama isiyohusika inakwamisha mzigo. Lakini mihuri iliyogongwa begani usiiguse wala kuipaka rangi nzito. Nje ya boksi andika kwa herufi kubwa kwamba ni mtungi mtupu, vali imetolewa, kwa lugha inayosomeka huko unakopita. Na kabla ya yote ipigie kampuni, waulize kama wanapokea mitungi mitupu. Wengine hawaitaki kabisa, hata ikiwa imekatwa katikati, na bora ulijue hilo ukiwa nyumbani.

Sasa hili la kuandika "vipuri". Mdau, nakuheshimu, lakini hapa umempotosha mwenzio. Kwenye eksirei mtungi haufichiki, ni duara zito la chuma lenye shingo. Ukionekana na karatasi inasema vipuri, mzigo unashikwa, unaweza kurudishwa kwa gharama yako au kuharibiwa, faini inafuata, na bima haina la kukulipa kwa kitu ambacho hukukitaja. Na wanaokagua hawana roho mbaya. Tarehe 11 Mei 1996, DC-9 ya ValuJet iliyotoka Miami ilianguka kwenye kinamasi cha Everglades, Florida, na watu wote 110 waliokuwemo wakafa. Moto ulianzia chumba cha mizigo, kwenye vifaa vya kuzalisha oksijeni kwa kemikali ambavyo karatasi zake zilisema ni makopo matupu ya oksijeni. Havikuwa vitupu, wala havikuwa na vifuniko vya usalama. Ile haikuwa mitungi ya hewa, lakini karani yeyote aliyepita mafunzo ya bidhaa hatari anaijua habari hiyo. Halafu Julai 2008, mtungi wa oksijeni wa ndege yenyewe, Boeing 747 ya Qantas kutoka Hong Kong kwenda Melbourne, ulipasuka angani na kutoboa ubavu wa ndege. Walitua Manila salama.

Njia ya pili, ya kuutuma umejaa, nitaipita haraka maana sidhani unaihitaji. Kampuni kubwa za vifurushi haziupokei kwa mteja wa kawaida aliyeingia na boksi kwapani. Zinataka akaunti iliyoidhinishwa kwa bidhaa hatari na mtu aliyepata mafunzo. Kwa mizigo ya ndege, mafunzo hayo hurudiwa kila baada ya miezi 24. Kuna tamko la msafirishaji la kujaza na kusaini. Kuna lebo ya almasi ya kijani yenye picha ya mtungi na namba 2 chini, na jina na namba ya UN pembeni. Vali lazima ilindwe kwa kofia, kizimba au sanduku, kwa sababu ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote: mwili wa mtungi huvumilia kuanguka, vali iliyovunjika inaugeuza roketi. Kwa ndege, kifurushi kimoja kina kikomo cha kilo 75 kwenye ndege ya abiria na 150 kwenye ya mizigo. Na kama mchanganyiko wako una oksijeni inayozidi asilimia 23.5, kama nitroksi za wazamiaji zilivyo, jina la UN1002 halikufai tena. Hiyo ni UN3156, gesi inayochochea moto.

Yote hayo kwa ajili ya nini? Hewa ya bar 200 kwenye lita 12 ina uzito wa kama kilo 3. Unamlipa mtu akupelekee kilo 3 za hewa mahali ambapo hewa ipo. Wanaotuma mitungi iliyojaa ni wenye sababu, kama vile gesi maalumu za maabara au mitungi ya uokoaji inayotakiwa kazini siku hiyo hiyo.

Kuna aliyeuliza katikati ya uzi kuhusu yale makopo ya "hewa" ya kupulizia kibodi. Yale si hewa iliyoshindiliwa. Mengi yana gesi iliyogeuzwa kimiminika, baadhi yake inashika moto, na husafirishwa kama erosoli, UN1950. Usiyachanganye na mada hii. Na mwenye mtungi wa nyuzi za kaboni: ufungashe kwa uangalifu mara mbili ya ule wa chuma. Mkwaruzo mrefu au pigo la kona ya meza linaweza kuuondoa kazini hata kama kwa macho unaonekana mzima.

Kwa mnunuzi wako: akiupokea asifunge vali na kukimbilia kujaza. Aupeleke karakana ukaguliwe ndani, uwekwe oringi mpya na vali ikazwe kwa kipimo. Wewe kabla hujalipia hata hilo boksi, pigia picha vizuri mihuri yote ya begani, ile inayoonyesha presha ya kazi, presha ya jaribio, ujazo, namba ya mtungi, tarehe ya jaribio la mwisho la shinikizo la maji na alama ya idhini, umtumie. Akaionyeshe hapo anapojazia. Kuna nchi ambazo vituo havijazi mtungi usio na alama wanayoitambua wao, hata ukiwa mpya kabisa, na Marekani na Ulaya kila mmoja ana alama yake. Kama jibu ni hapana, hakuna cha kutuma.