Nani kasema IBD ni ugonjwa wa wazungu?

Hii kauli nimeisikia kwa nesi, kwa daktari, mpaka kwa shemeji yangu ambaye yeye ni fundi magari: IBD ni ugonjwa wa wazungu, sisi huku hatuna. Sawa, mi ni Msukuma wa Mwanza, nina kolaitisi ya vidonda, moja ya hizo IBD, nimepigwa kamera ya utumbo (kolonoskopi) na kinyama kikakatwa kikapelekwa maabara, majibu yapo kwenye faili. Kwa hiyo leo naandika kwa ajili ya wale wanaonifuata inboksi na swali lile lile, "dada na mimi nahara damu miezi sasa ila naambiwa huu ugonjwa kwa Waafrika haupo, nifanyeje?"

Kwanza tuelewane. IBD ni jina la jumla la magonjwa ya kuvimba utumbo kwa muda mrefu, na yale makubwa ni mawili. Kolaitisi ya vidonda inakaa kwenye utumbo mpana tu, inaanzia njia ya haja kubwa inapanda juu. Ugonjwa wa Crohn wenyewe unaweza kutokea popote kuanzia mdomoni mpaka huko chini, ila unapenda sana pale utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana. Yote mawili ni kinga ya mwili imegeuka inashambulia utumbo wa mwenye mwili. Hauambukizi, sio vile vidonda vya tumbo vya asidi ambavyo kila mtu anajua, na sio kujaa gesi ukila maharage.

Sasa hilo neno la "wazungu" halijatoka hewani, tusidanganyane. Ukiangalia dunia nzima namba za juu ziko Ulaya na Amerika Kaskazini. Norway wamewahi kuhesabu watu 505 wenye kolaitisi ya vidonda katika kila watu 100,000, Ujerumani watu 322 wa Crohn kwa hesabu hiyo hiyo, na vile visiwa vya Faroe huko baharini kaskazini, ambavyo watu wake wote wangeenea kwenye mtaa mkubwa wa Dar, vinaongoza Ulaya kwa wagonjwa wapya. Wayahudi wa asili ya Ashkenazi, yaani wale wa Ulaya ya kati na mashariki, nao hatari yao ni mara 2 mpaka 4 ya watu wengine wanaoishi nao. Kwa hiyo daktari aliyesoma vitabu vya zamani akikwambia ni wa wazungu hajatunga, anasoma ramani ya zamani tu.

Ila ramani imehama. Shinzo Abe, yule aliyekuwa waziri mkuu wa Japani, aliachia madaraka 2007 na tena 2020, mara zote kolaitisi ya vidonda ikiwa ndani ya sababu, na Japani zamani walikuwa wanahesabiwa kwenye nchi ambazo ugonjwa huu ni adimu sana. Marekani mwaka 2023 watafiti walipiga hesabu wakapata kama watu milioni 2.4 wenye IBD, weupe ni 812 kwa kila 100,000 na weusi ni 504. Soma hiyo ya pili tena jamani. Ni ndogo kuliko ya wazungu, ndio, lakini hiyo ni kama mtu mmoja kila watu mia mbili, na hao ni watu ambao mababu zao walitoka bara hili hili letu! Kwa hiyo kama kuna kitu kwenye damu ya Mwafrika kinamkinga, hakijamkinga sana akishahamia kule.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Leicester, Uingereza. Idi Amin alipowafukuza Wahindi Uganda mwaka 1972 wengi waliishia pale, wakaungana na wenzao waliotoka Kenya na huku kwetu, yaani watu waliokuwa na maduka Kampala, Nairobi na Dar, wengine wanaongea Kiswahili kuliko mimi. Baadae madaktari wa pale walipohesabu kolaitisi ya vidonda wakakuta Wahindi wanaipata kuliko hata wazungu wenyeji. Na Kanada walipofuatilia wahamiaji wa jimbo la Ontario wakaona kadiri mtu alivyofika akiwa mdogo ndivyo hatari ilivyokuwa kubwa. Kwa hiyo nyie mlioko Minnesota, London, Toronto na watoto mliowapeleka wakiwa wadogo au waliozaliwa huko huko, mtoto akianza kuhara damu, hakui, anakonda, usimtibu kwa simu ya bibi kutoka Tanga. Hatari yake inaweza kuisogelea ya wenzake anaosoma nao, sio kubaki kama yako wewe uliyekulia huku.

Kwa nini inakuwa hivyo, hamna jibu moja. Vinasaba vimo, mazingira yamo. Vinatajwa vyakula vya viwandani, antibiotiki nyingi utotoni, utoto usio na minyoo wala vijidudu vya kuifundisha kinga kazi, na sigara ambayo inachochea Crohn. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi miaka mingi hospitali ya Mulago, Kampala, alishangaa jinsi magonjwa mengi ya utumbo yaliyojaa Uingereza yalivyokuwa adimu Uganda, akaishia kuhubiri habari za nyuzinyuzi kwenye chakula mpaka uzeeni. Hakupata kila kitu sawa, lakini ukiangalia sahani ya babu yako na sahani ya mwanao, ugali wa mtama kwa mlenda kule, chipsi mayai na soda huku, unaelewa kwa nini watafiti hawaliachi hilo swali.

Tuje nyumbani. Huku mambo mawili ni kweli kwa pamoja, watu wanachanganya. IBD kwetu bado ni wachache ukilinganisha na Ulaya, na pia wachache hao hatuwahesabu. Huu ugonjwa hauthibitishwi kwa kipimo cha damu peke yake wala kwa ultrasaundi peke yake, unataka kamera iingie na kinyama kikatwe, na kamera ziko hospitali kubwa za rufaa kama Muhimbili, Bugando, KCMC na baadhi ya binafsi. Sasa mtu wa Geita au Kigoma ndani atahesabiwa na nani? Cape Town walikofanya hesabu miaka ya 1980 wazungu walikuwa juu, machotara katikati, weusi chini kabisa, na mpaka leo ni ngumu kusema ni kiasi gani cha hiyo tofauti ni ugonjwa na kiasi gani ni nani alikuwa anafika hospitali.

Na wasiohesabiwa wanapewaga jina lingine. Mimi jina langu lilikuwa amiba. Napima choo, karatasi inarudi imeandikwa kuna amiba, napewa flajili, siku chache nafuu afu damu na ute vinarudi, narudi tena, amiba tena, flajili tena, mdomo unakuwa na ladha ya sarafu muda wote. Kitu ambacho hamna aliyenieleza ni kwamba kwenye hadubini vile vifuko vya amiba mbaya na vya ndugu yake asiye na madhara vinafanana kabisa, na watu wengi tu wanatembea na huyo asiye na madhara bila kuumwa chochote. Kwa hiyo kuonekana amiba kwenye choo sio lazima ndo inayokutoa damu. Huku Kanda ya Ziwa kuna na kichocho cha tumbo nacho kinatoa damu, afu kuna TB ya utumbo ambayo inakaa pale pale Crohn anapopenda, na hata kwa kamera daktari mzoefu anaweza asitofautishe kirahisi.

Hapo ndo ushauri wangu wa kwanza ulipo na naomba usiuruke. Usitoke hapa ukakimbilia duka la dawa kununua prednisoloni kwa sababu umesoma dalili zinafanana. Hizo ni steroidi, zinashusha kinga, na kama kumbe una amiba kweli au TB utawasha moto wa kukuua. Huku kwetu mpangilio sahihi ni kuanza na magonjwa yetu, yaani choo kipimwe vizuri, kichocho, TB, VVU, afu hayo yakiondolewa au yametibiwa dozi kamili na bado unahara damu, hapo unasema kwa heshima, "daktari, naomba rufaa ya kolonoskopi." Mi nilisema hivyo hivyo, "dokta nimeshameza flajili za kutosha, naomba kamera", akaniangalia kidogo, akaandika. Kama maabara yao wana kipimo cha kalprotektini kwenye choo nacho kinasaidia kuonyesha kama utumbo umevimba au la.

Dalili za kutokukaa nazo nyumbani: damu au ute unaozidi wiki kadhaa, kuamshwa usiku na choo (tumbo la wasiwasi huwa halikuamshi), kukonda bila mpango, homa za kuja na kuondoka, magoti kuuma, macho kuwa mekundu na kuuma, na kwa Crohn majipu au vitundu vinavyotoa usaha karibu na njia ya haja. Hiyo ya mwisho watu wanaficha kwa aibu miaka na miaka, wanaenda kwa waganga wa bawasiri.

Kamera yenyewe haiumi kama wanavyotishia, kazi ni maandalizi. Kuna poda unakoroga kwenye malita ya maji, ina chumvi chumvi na harufu ya ndimu ya uongo, unakunywa glasi baada ya glasi mpaka kinachotoka kiwe maji ya njano matupu kama mkojo. Iweke kwenye friji, inanyweka vizuri ikiwa baridi. Paka vaselini mapema kabla hujachubuka, na siku hiyo usiguse juisi ya rozela wala kitu chochote chekundu kisije kudhaniwa damu.

Ukishaambiwa ndiyo, dawa zipo na unaishi. Mimi natumia sulfasalazini kwa sababu ndo inayopatikana na mfuko unaiweza, inageuza mkojo rangi ya chungwa, usishtuke, na inatakiwa uende nayo na foliki asidi. Wanaume mjue inaweza kupunguza mbegu wakati unaitumia, zinarudi ukiacha, kwa hiyo kama mnatafuta mtoto mwambie daktari abadilishe, sio mkeo aanze kusumbuliwa na mawifi. Kina dada, ujauzito unawezekana, ila ushike mimba wakati ugonjwa umetulia na usiache dawa bila kuongea na daktari. Diklofenaki na brufeni za kununua kiholela ziache, zinaweza kuamsha ugonjwa, maumivu madogo nenda na panadoli. Na ukipata nafuu usiache dawa, maana nafuu hiyo ni dawa inafanya kazi. Hapo ndo wengi wanapoangukia, anapata nafuu, anakutana na mtu wa mitishamba kwenye daladala, anaacha vidonge, baada ya muda yuko wodini anaongezwa damu.

Chakula hamna orodha moja ya wote. Mi maziwa na pilipili nikiwa nimechafuka vinanimaliza, ndizi na wali laini vinakaa. Mwenzangu mmoja pilipili haimfanyi kitu ila mahindi ya kuchoma ni balaa.

Mwisho, omba nakala ya ripoti ya kamera na ya kinyama, piga picha weka kwenye simu na kwenye barua pepe. Ukihama mkoa au ukienda nje hizo karatasi ndo zinakuokoa usianze upya na amiba, na pia kolaitisi ikishafika kama miaka 8 tangu ianze unatakiwa uanze kupigwa kamera ya kuangalia saratani ya utumbo mpana, sasa bila tarehe ya kwanza hiyo miaka 8 utaihesabia wapi.